Saa za Nairobi kwenye Kabati la Mama

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya mawakala wa forodha pale Kilindini, karani mkuu alinikalisha mbele ya kompyuta akasema, "Bi Rukia, wajua kupiga chapa. Basi nitengezee kalenda."

Programu ya kuchorea haikuwapo. Tulikuwa na ile ile ya kuandikia barua. Nikajifunza kwamba kalenda ni jedwali tu, safu saba za siku za wiki, ukazipaka rangi. Ukitaka picha ya saa, wachora duara, kisha kila nambari waitia kwenye kisanduku chake cha maandishi na kuisukuma polepole hadi ikae. Vijana mwacheka. Chekeni, lakini kalenda zangu zilitundikwa hadi maghala ya Shimanzi.

Baadaye nikahamia duka la kupiga chapa karibu na Marikiti. Huko kazi kubwa ilikuwa ratiba za Ramadhani: saa ya kuacha kula daku na saa ya kufuturu, kwa siku thelathini. Mama yangu alikaa peke yake Mji wa Kale, na masikio yalikuwa yamekufa kabisa, hata adhana haisikii. Kila mwaka nilimbandikia ratiba yangu kwenye kabati la vyombo. "Muadhini wangu mimi ni Rukia," akijigamba kwa majirani.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, mteja wa Nairobi aliagiza ratiba, kisha msikiti mmoja wa hapa. Kwa uvivu wangu nikafungua ile ya Nairobi, nikabadilisha jina la mji na mapambo. Saa sikuzigusa. Na alfajiri ya Nairobi huchelewa kuliko yetu kwa dakika kumi na kitu.

"Umehakiki?" meneja akaniuliza.

"Nimehakiki." Mapambo ndiyo niliyohakiki, lahaula!

Siku ya tisa ya mfungo ndipo mtu wa msikiti alipogundua. Meneja akasema, "Watu wafuata adhana, Bi Rukia. Hakuna aliyedhurika. Piga nyingine, tunyamae."

Nikakimbia kwa mama na karatasi mpya. Akanitazama midomo. "Kwani ile ina nini?"

Nikaona haya. Nitamwambiaje kwamba amekula alfajiri imeshaingia, siku tisa, kwa mkono wangu? Nikasema, "Rangi imefifia tu, mama." Nilikusudia kumwambia baada ya Idi, azilipe siku hizo tisa.

"Haya, weka hapo. Nitabandika mwenyewe."

Alifariki siku ya pili ya Idi. Tulipotoa vyombo vyake, niliikuta karatasi mpya ndani ya droo, ameikunja vizuri kwenye mfuko wa plastiki. Kabatini ilikuwa ile ile ya Nairobi, na kila siku ameitia alama ya penseli, hadi ya thelathini.

Sasa nimestaafu. Namfungia mama siku zake, na sijui kama zapokewa. Wakati wa daku sitazami karatasi yoyote. Nakaa nikisikiza adhana.