Bango Katika Nyasi za Jirani

Hofu ya serikali humtoka mtu lini? Nilidhani zamani kwamba hubaki mpakani, au kwamba huyeyuka siku mtu anapoinua mkono wa kulia mbele ya hakimu na kuapishwa kuwa raia. Nimeishi Texas zaidi ya nusu ya umri wangu, nimesoma huko na kulea watoto huko, na bado sina jibu. Ninachoweza kueleza ni Jumapili moja tu, nyumbani kwa dada yangu mkubwa mjini Garland, katika miaka ya mwanzo ya elfu mbili, wiki ambayo kampeni ya urais ilikuwa imepamba moto na vituo vya kupigia kura mapema vilikuwa vimekwisha kufunguliwa.

Jumapili kama hizo zilifuata desturi moja. Baada ya ibada nilikuwa nikiendesha gari kutoka Fort Worth, dada akikaanga chapati, na shemeji, aliyefanya kazi ya kompyuta katika ofisi moja kubwa ya Plano, akiwasha televisheni ili apate mtu wa kubishana naye. Siku ile alikuwepo pia jirani yao wa ukuta kwa ukuta, Mkongo wa makamo aliyetoka Kivu, akapitia kambi ya wakimbizi Tanzania, na sasa alibeba mizigo katika ghala la usiku. Alikuwa ameapishwa mwaka ule ule. Mkewe alikuwa bado kambini, na jalada lake la kuja kuungana na mumewe lilikuwa mezani kwa watu wa uhamiaji.

Televisheni ilikuwa ikionyesha kura za maoni.

"Rais wangu anaongoza," shemeji alisema, akielekeza kijiti cha meno kwenye kioo.

"Anaongoza Texas," dada akajibu kutoka jikoni. "Hata ng'ombe wa Texas wanajua hilo. Ngoja Ohio, huko ndiko kwenye ushindani."

"Ohio ushawahi kufika?"

"Na wewe Ikulu ushawahi kufika? Mbona unaisemea kama kwa shangazi yako?"

Wawili hao walikuwa wameoana kwa furaha na hawakukubaliana juu ya rais hata mmoja. Jirani aliwatazama kwa zamu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili chake cha Kivu, "Lakini ndugu, kama banamaliza kuhesabu, sisi tunaenda kufanya nini?"

Nilimjibu kwa bidii ya mtu aliyewahi kusoma takwimu chuoni. Nilimwambia kwamba hakuna kura iliyohesabiwa. Kwamba watu wachache wamepigiwa simu na kuulizwa, kama vile mpishi anavyobonyeza punje moja ya maharagwe ili ajue kama chungu kizima kimeiva.

Akafikiri. "Na ile punje banabonyeza, inarudi kwenye chungu?"

Shemeji alicheka. Jirani hakucheka. "Kwa sababu mimi njo ile punje," alisema. "Mimi balinipigia."

Tulipunguza sauti ya televisheni, naye akatusimulia. Mtu alikuwa amempigia simu mchana mmoja, alipokuwa amelala baada ya zamu. Alijitambulisha kwamba anatoka upande wa rais, akataja jina lote la jirani yetu, mpaka la baba yake, na mtaa anaokaa. Akauliza kama rais anaweza kuitegemea kura yake. Jirani akajibu ndiyo. Mtu yule akauliza kama anaweza kumletea bango lenye jina la rais. Ndiyo. Kesho yake alipoamka alilikuta limechomekwa kwenye nyasi mbele ya nyumba.

"Kwa nini usikatae?" nilimuuliza.

"Kukataa?" Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Kwetu, mutu wa rais akikuuliza, unajibu ndiyo. Maswali yako unauliza kesho, kama ungali na meno."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini nyasi zake zilikatwa vizuri kila mahali isipokuwa kiduara kimoja kulizunguka bango. Hakuthubutu kuligusa kwa mashine, maana kwake lilikuwa mali ya dola. Na kosa lake, kama ni haki kuliita kosa, lilikuwa la mtu aliyekulia mahali ambapo rais, chama chake, polisi na ofisi ya vibali ni mkono mmoja wenye vidole vingi. Moyo wake haukuwa kwa yule rais. Lakini alikuwa amemwahidi mtu wa rais kwa simu, na aliamini kwamba akimpigia mwingine kura itaonekana mahali fulani kuwa amedanganya.

"Bibi yangu, file yake iko kwa meza yao," alisema. "Mimi nimeshaomba kazi ya ziada wiki yote, na siku yenyewe ya uchaguzi pia. Nitakuwa kazini. Mutu eko kazini hakudanganya mutu."

Nilimweleza habari za kura ya siri. Nilimweleza tofauti ya kampeni na serikali, mipaka ya sheria, kazi ya mahakama. Nilieleza vizuri, nadhani, na kwa Kiswahili sanifu. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza mahubiri ya dini nyingine, na nilipomaliza alinishukuru na kuomba chumvi.

Simu ya mezani ililia tukiwa bado tunakula. Majuma yale ililia mchana kutwa, na sote tulijua ni kampeni. Dada akafuta mikono, akabonyeza kitufe cha spika ili sote tusikie, akaweka kidole mdomoni kutunyamazisha. Aliyepiga alikuwa mama mzee, mwenye yale matamshi ya Texas yanayovutwa kama asali, akimwombea kura mpinzani wa rais.

"Mama, unapiga kutoka ofisi gani?" dada alimuuliza.

"Ofisi? Mpenzi, niko jikoni kwangu."

"Na nikikuahidi kura, kisha nikampa mwingine?"

"Basi utakuwa kama mume wangu. Nafua mashati yake na sijui anampigia nani."

Jirani akainama upande wa dada, akanong'ona: "Muulize kama banaongea na watu wa uhamiaji."

Dada akauliza. Tukasikia mbwa akibweka huko jikoni. "Mpenzi," mama yule alisema, sasa bila mzaha, "mimi hata watu wa kuzoa taka hawapokei simu zangu. Kuna mtu amekutisha?"

"Hapana, mama. Nilikuwa nauliza tu."

Dada alipokata simu alimgeukia jirani kwa uso wa mtu aliyeshinda kesi. Jirani akatikisa kichwa. "Huyu eko wa upinzani. Wapinzani bote beko na sauti muzuri. Ule wangu alikuwa wa rais."

Ndani ya hoja yake sikuona ufa. Ni shemeji aliyeupata, naye hakuwa akiutafuta.

"Hebu subiri," alisema, akiweka chapati chini. "Umeletewa bango la rais bila kuliomba? Mimi nimepiga simu kwao tangu mwezi uliopita, naomba bango, naambiwa yamekwisha!"

"Chukua," jirani alisema haraka, kisha akajishika. "Lakini bataona."

"Wacha waone. Wakija, watanikuta mimi, na nitawauliza la pili liko wapi."

Shemeji alitoka, nasi tukamfuata. Alivuka nyasi, akalishika bango kwa mikono miwili, akaling'oa. Jirani alisimama kizingitini kwa dada, hakutoka nje. Nilimwona akitazama huku na huku barabarani. Gari moja likapita polepole. Dereva, kijana wa Kimeksiko wa nyumba ya kona, akatupungia mkono na kwenda zake.

"Hilo halikai kwangu," dada alisema.

"Kwangu pia ni hapa."

"Basi liweke upande wa kitanda chako. Mimi nampigia yule mwingine, na mtaa mzima utajua." Alilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, akimtazama mumewe lakini, nadhani sasa, akisema na mtu wa kizingitini.

"Mama watoto, unaniaibisha mbele ya rais."

"Akiona aibu arudi kwao. Si ana shamba hapa hapa Texas?"

Walimaliza kwa kugawana uwanja: bango likachomekwa mwisho kabisa, kando ya pipa la taka, jambo ambalo dada alilihesabu kuwa ushindi. Walirudi ndani wakiendelea kutaniana, na dakika chache baadaye shemeji alikuwa akimkorogea mkewe chai kwa sukari anayoipenda.

Jirani alikuwa amekaa. Hakuiangalia televisheni, aliwaangalia wao. Sijui nini hasa kilimfanyia kazi moyoni. Huenda ni kumwona mke akimpinga mumewe na rais kwa pumzi moja, kisha akapokea chai. Huenda ni jioni tu, iliyoingia polepole bila gari lolote kusimama mbele ya nyumba yake. Kwa vyovyote, hayakuwa maelezo yangu, na jambo hilo halikuniuma kama nilivyotarajia. Nilikuwa nimeanza kufurahi kabla ya kujua kwa nini.

Aliposimama kuaga, alimgeukia dada. "Mama, ile nyumba ya kupigia kura, inafungua saa ngapi?"

"Hata asubuhi. Ni pale maktaba."

"Asubuhi nitakuwa natoka kazini. Nitakuwa na vumbi."

"Kura haina pua," shemeji alisema.

"Basi kesho," jirani alisema. "Mbele ya kulala. Nikilala nitaanza kufikiri."

Nililala kwa dada usiku ule. Asubuhi tulimkuta mbele ya maktaba, bado na fulana ya ghala, amenawa uso tu. Foleni ilikuwa fupi. Alipofika mezani alimkabidhi karani kadi ya mpiga kura, leseni, cheti cha uraia ndani ya plastiki, na kitambulisho cha kazi. Karani, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba, alichukua kadi peke yake na kumrudishia vingine.

"Unahitaji mtu wa kukusaidia kusoma?" alimuuliza, akinitazama mimi.

Nilipiga hatua moja. Jirani akaniwekea kiganja kifuani, taratibu.

"Hapana," alimjibu karani kwa Kiingereza chake. Kisha akaniambia kwa Kiswahili, "Ndugu, angalia kule."

Nikageukia rafu za vitabu vya watoto. Nyuma yangu nilisikia viatu vyake vizito vikienda mpaka kwenye mashine ya mwisho ya kupigia kura, vikatulia kwa muda mrefu, na mashine ikatoa mlio wa kuipokea.