Gari Lisilosema

Mimi ni mchambuzi wa maharage. Miaka mingi nimekaa sokoni Kasulu na ungo magotini, nikitoa mawe, punje zilizotobolewa na wadudu na zile zilizonyauka. Wateja wananijua: gunia likitoka kwangu unaliinjika bila kulitazama mara mbili. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu tabia hiyo, iliyonilisha na kunisomeshea watoto, ndiyo iliyomnyima baba yangu kitu alichokitaka maisha yake yote.

Baba alikuwa dereva wa lori. Alivuka kutoka Burundi akiwa mtoto, kwa miguu, ameshika pindo la nguo ya dada yake ili asipotee. Dada huyo, shangazi yangu, aliolewa Kibondo, na Baba akakulia kwake hadi alipoanza kufuata malori. Barabara ya Kasulu kwenda Kibondo aliijua tangu ilipokuwa vumbi kiangazi na tope masika. Alikuwa akifika kwa shangazi mwekundu kuanzia kope hadi viatu, na shangazi anamzuia mlangoni na ndoo ya maji kabla hajamsalimu.

Sasa, siku moja ya masika, kabla mimi sijazaliwa, alilikuta gari la chini limezama kwenye tope karibu na mto Malagarasi. Lilikuwa la mgeni mmoja aliyepotezwa na mtu aliyemwambia barabara ni nzuri. Milango miwili tu, boneti ndefu, viti vya ngozi, gari lililotengenezwa kwa ajili ya mtu anayesafiri mbali na anataka kushuka bila kuumwa na kiuno. Baba alilivuta kwa mnyororo wa lori. Mgeni hakuwa na namna nyingine ya kushukuru, akampa usukani hadi darajani. Haikufika hata kilomita mbili. Kilomita hizo Baba alitusimulia utoto wetu mzima. "Kiti kilinipokea kama mgeni aliyetarajiwa," alikuwa akisema, na mama anamjibu kwamba basi akaoe hicho kiti.

Ndipo alipomwahidi shangazi: siku lami itakapofika, atakuja Kibondo kwa gari la namna ile, shati jeupe, bila vumbi shingoni, akiendesha mwenyewe. Shangazi alicheka. Baba hakucheka.

Lami ilikuja polepole, kipande hiki mwaka huu, kipande kile mwaka mwingine. Wakati inakaribia kuungana, Baba alianza kugonga vikombe mezani. Daktari akatuambia ni presha ya macho. Akampa dawa ya matone na kusema kilichopotea hakirudi, kilichobaki kitalindwa kadiri itakavyowezekana. Baba bado alikuwa anaona mbele, ingawa pembeni kulikuwa kunafungwa. Leseni yake ilikuwa hai. Sikumuuliza daktari kama anaweza kuendesha, kwa kuwa niliogopa jibu. Nilijiambia tutaondoka alfajiri ya Jumapili, barabara ikiwa tupu, mimi nimekaa ubavuni mwake. Biashara ilikuwa imekubali miaka ile. Nikasema moyoni: namnunulia.

Pale Kasulu kulikuwa na mfanyabiashara mmoja, wazee wake walitoka Pwani, aliyekuwa akileta magari yaliyotumika. Kwenye yadi yake yalisimama mawili ya aina ile aliyoisimulia Baba, na watu wa sokoni walikuwa wanakwenda kuyatazama kama wanakwenda kuona harusi. La kwanza lilikuwa jeusi, la Ulaya, gumu kidogo, lenye injini inayonguruma. La pili lilikuwa la kijivu, la Kijapani, laini, kimya kiasi kwamba ukiwasha unauliza kama limewaka.

Tulipanda yote mawili, mwenye yadi akiendesha. Ndani ya lile jeusi Baba aliweka kiganja juu ya dashibodi, akakiacha pale njia nzima. Tulipotoka kwenye lami na kuingia uwanja wa changarawe, alitikisa kichwa kwa furaha.

"Hili linasema," aliniambia.

"Linapiga kelele, Baba."

"Oya, mwana wanje," alinikatalia kwa Kirundi chake. "Kelele ni kelele. Hili linasema."

Mwenye yadi akazima injini, akashuka, akamshikia Baba mlango wa dereva. "Mzee wangu, karibu usukani. Zunguka nalo mpaka kule mbele, uridhike mwenyewe."

Baba alikuwa ameshainua mguu. Mimi nikasema, "Hapana. Gari la watu hilo. Ukilikwaruza je? Tutaendesha letu."

Mguu ukarudi chini. Alasiri ile jua lilikuwa kali, barabara nyeupe, na Baba alikuwa anaona. Kila nikikumbuka sauti yangu ya siku ile natamani mtu angenizaba kibao.

Baada ya hapo nikaanza kuchambua. Nilimpeleka fundi mmoja, halafu fundi wa pili kumkagua wa kwanza. Niliuliza spea, niliuliza mafuta, nililala chini ya magari yote mawili na tochi ya simu. Nilirudi kutazama rangi ya mlango mmoja mara tatu kwa kuwa ilinitia shaka. Lile jeusi lina nguvu, lakini litamuumiza mgongo. Mgongo wa dereva wa lori ni mali iliyokwisha tumika. Lile la kijivu ni laini, lakini je, likiharibika? Masika yakaisha nikasema ngoja nivune. Nikavuna, nikasema ngoja niuze. Nilipouza, nikasikia kuna mtu Kakonko ana gari kama lile la kijivu, nikaenda hadi Kakonko kumuuliza linavyomtendea.

Mwenye yadi, mvumilivu kuliko mimi, alinitania, "Mama, mchagua nazi hupata koroma."

Baba alikuwa amekaa kwenye benchi la yadi, uso ameuelekeza juani. "Huku kwetu hakuna nazi," alisema. "Huku tunasema mchagua jembe si mkulima."

Tulicheka wote watatu. Mimi ndiye niliyecheka zaidi, maana nilidhani ni utani.

Hakulalamika kwamba macho yanafungwa. Dereva hasemi breki zinakwisha akiwa na abiria. Aliniuliza tu, kila baada ya wiki chache, "Tumefika wapi na gari?" nami namjibu kwa hesabu ya mafuta na bei ya shokapu. Nadhani alikuwa ananiambia kitu kingine kwa swali lile. Sikukisikia.

Siku niliyoamua, nilichagua la kijivu. Nilimweleza sababu zangu zote, nyingi, nimezipanga vizuri, na ya kwanza ilikuwa mgongo wake. Alisikiliza hadi mwisho. "Sawa," alisema. "Umefanya kazi." Kisha akauliza kama lile jeusi bado lipo. Nikamwambia lipo, lakini hili ni bora. Akasema sawa tena.

Tulipokwenda kulichukua, alilisalimia kwa mikono. Alianzia kwenye taa, akapitisha kiganja boneti nzima, akafika mlangoni, akaanza kutafuta kitasa. Alikitafuta juu, akakitafuta chini. Kilikuwa mbele yake kabisa. Mwenye yadi alinitazama, kisha akatazama pembeni. Nikamshika Baba mkono nikauweka kwenye kitasa, na moyo wangu ukavunjika pale pale kwenye yadi, mchana, mbele ya watu.

"Unaona nini, Baba?"

"Mwanga naona," alisema. "Vitu ndiyo sivioni."

Nilimwambia basi akae kwenye usukani japo kidogo, tuko uwanjani, hakuna kitu cha kugonga. Alikataa. Alisema dereva hashiki usukani wa gari lililosimama, hayo ni mambo ya watoto. Akazunguka kwa kulishika gari, akaingia upande wa abiria.

Jumapili tuliondoka kwenda Kibondo kama tulivyopanga, isipokuwa mimi ndiye niliyeendesha. Alivaa shati jeupe. Gari liliteleza juu ya lami bila sauti, bila mtikiso, jinsi lilivyosifiwa. Kila sababu niliyolichagulia ilikuwa ya kweli, na hilo liliniudhi zaidi.

Tulipopita Makere alianza kuendesha kwa mdomo, kama zamani alipokuwa akinifundisha ndani ya lori. "Mbele hapo kona kali, inakwenda kushoto. Shusha gia. Polepole, buhoro, buhoro."

Mbele barabara ilikuwa imenyooka mpaka macho yanapoishia.

"Baba, kona hiyo haipo tena. Waliikata."

"Waliikata?"

"Ya zamani imebaki kule chini kushoto. Imeota majani."

Baadaye kidogo akaniambia nijihadhari na mteremko wenye mawe. Mteremko ulikuwa umechongwa, tumeshaupita na sikuwa hata nimeuhisi. Nilipomwambia, aliweka kiganja juu ya dashibodi, kama alivyofanya ndani ya lile jeusi, akakiacha pale muda mrefu. Kisha akakirudisha mapajani.

"Basi sijui tulipo," alisema. "Gari hili halisemi."

Hapo ndipo nilipoelewa. Alasiri ile kwenye yadi hakuwa anachagua kama kijana aliyevutwa na ngurumo. Alikuwa anajua kinachokuja. Alikuwa anachagua gari la mtu asiyeona, gari litakalompa changarawe, daraja na mlima kupitia kiganjani na mgongoni, mgongo ule ule niliokuwa naulinda. Mimi nikamnunulia kimya. Nikamfungia ndani ya sanduku la ngozi, nikampeleka Kibondo kama barua.

Nililia nikiendesha, na yeye hakujua, au alijua. Nikashusha vioo vyote viwili. Upepo uliingia, na harufu ya mahindi yanayokauka. Kisha nikaanza kusema.

"Tuko kwenye mteremko, Baba. Mbele kuna baiskeli mbili, zimebeba mikungu ya ndizi. Ya kwanza inayumba."

Mguu wake wa kulia ukakanyaga zulia.

Niliuona. Ulikanyaga taratibu, kwa kisigino kilichotulia, mahali ambapo breki ingekuwa. Nikakanyaga ya kwangu. Gari likapungua.

"Zimetupisha," nilisema. "Njia nyeupe." Mguu wake ukainuka, ukasogea kulia, ukashuka kwenye mafuta. Nikaongeza mwendo.

Hatukulizungumzia. Nilisema kila kitu nilichokiona: mbuzi, mama na mtoto wanaongoja usafiri, kibao, lori la magogo, alama ya kilomita. Mahali pengine niliacha kusema nikafuta macho, na mara moja akageuza uso.

"Sema," aliniambia. "Utaniangusha."

Nikasema. Pale Malagarasi nilimwambia maji yana rangi gani na yamepanda kiasi gani kwenye nguzo, na akataka tupite polepole, nasi tukapita polepole, lori likitupigia honi nyuma.

Kibondo shangazi alikuwa amekaa barazani. Amezeeka kupita kiasi, lakini alitoka na ndoo ya maji, kwa mzaha ule wa zamani, akaiweka chini alipoona shati. Akamshika mdogo wake kwa kiwiko. Alimpitishia mkono mbele ya macho mara moja, kisha akauteremsha.

"Musaza wanje, ndugu yangu," alisema. "Karibu. Nani kakuleta?"

Baba alinyoosha kola. "Nimeendesha mwenyewe," alisema.

Shangazi aliniangalia. Ufunguo ulikuwa mkononi mwangu bado, umelowa jasho. Ningeweza kumpa kitu hiki, kuendesha kweli, miezi mingi kabla, kizima, chenye macho, kwenye gari la watu, na mkwaruzo ningeulipa. Nilifungua kiganja cha Baba nikauweka ufunguo ndani, nikakifunga.

"Ameendesha vizuri," nilimwambia shangazi. "Hakutuchafua hata kidogo."