Kiti cha Ngongoti

Mtaani walimwita Futi, kwa sababu ya futi ya kupimia nguo aliyoivaa shingoni asubuhi hadi jioni, hata msibani. Alikuwa fundi cherehani wa miaka hamsini na mbili, mwenye jicho la kukupima ukiwa bado uko ng'ambo ya barabara. "Umenenepa," angekuambia kabla hujaketi, "na usinibishie, kiuno nakiona." Wateja walinuna, wakaapa kuhamia kwa fundi mwingine, na baada ya wiki mbili walirudi na suruali inayowabana.

Basi mtu wa namna hiyo, hebu niambie, ilikuwaje akaendesha baiskeli isiyo kipimo chake kwa mwaka mzima?

Baiskeli ilikuwa ya mwanawe wa kwanza, kijana mrefu mwembamba ambaye wenzake walimpachika jina la Ngongoti, kama wacheza ngoma wanaotembea juu ya miti mirefu. Aliinunua kwa kudunduliza, akajiunga na kikundi cha baiskeli cha Jumamosi: nesi wa zahanati, mwoka mikate, walimu wawili, na wengine wa kuja na kutoweka. Usidhani ni wanamichezo. Walikuwa watu wa vitambi na kazi zao, waliojinoa mwaka mzima kwa safari moja ya kilomita mia na sitini, mpaka mji wenye bwawa. Ngongoti alijinoa miezi minane. Wiki tatu kabla ya safari akashikwa na homa ya uti wa mgongo. Siku ya nne akafa, ana miaka ishirini na mmoja.

Kitandani hospitalini alikuwa amemwambia baba yake, "Baba, mwaka huu nitaikosa. Lakini baiskeli lazima ifike." Huenda yalikuwa maneno ya homa tu. Futi aliyashika kama wosia.

Mwaka wa kwanza hakuweza hata kuigusa. Mwaka wa pili aliitoa ukumbini, akaipangusa vumbi, akaenda kwa nesi, ambaye ndiye aliyekuwa kiongozi wa kikundi, na kumwambia anataka kwenda na wenzake. Nesi alimtazama kitambi, akamtazama macho, akasema, "Karibu, Fundi. Jumamosi saa kumi na mbili. Ukichelewa tunakuacha."

Sasa sikiliza habari ya kiti. Kiti cha baiskeli hukaa juu ya bomba linalozama ndani ya fremu. Ukilegeza nati moja, bomba linapanda au kushuka kufuata urefu wa mguu wa mtu. Ngongoti alikuwa amechora mstari kwa ncha ya msumari kwenye bomba hilo, pale palipomfaa yeye. Futi alimpungukia mwanawe inchi mbili za mguu. Kazi yenyewe ilikuwa nati moja na dakika moja, lakini mkono wake ulikataa.

"Nikikishusha," alimwambia mkewe, "ule mstari utaingia ndani ya fremu. Sitauona tena."

Mkewe aliendelea kukunja nguo, na nguo aliyokuwa akiikunja aliikunja mara mbili.

Hivyo Futi akawa anaendesha kwa ncha za vidole, nyonga zikicheza kushoto na kulia kila akikanyaga pedeli. Kikundi kilikuwa na desturi yake: asiye na kasi ndiye hutangulia mbele, wote wamfuate mwendo wake, ili asibaki mtu nyuma peke yake. Basi kila Jumamosi Futi alitangulia, na watu kumi na mmoja nyuma yake wakatazama makalio yake yakiyumba. Mwoka mikate alitania kwamba hajawahi kulipa kiingilio cha ngoma kwa bei rahisi namna hiyo. Futi mwenyewe alicheka. Nesi hakucheka.

"Teremsha kiti, Fundi," alimwambia kila wiki. "Goti halina spea."

"Nitazoea."

"Goti halizoei. Linachoka, halafu linakukomoa."

Futi alikuwa msikivu kwa mambo yote isipokuwa hilo. Sikio la kufa halisikii dawa.

Nyumbani alikuwapo pia binti, mdogo wake Ngongoti, wa miaka kumi na sita. Nimechelewa kumtaja, najua. Hata baba yake alichelewa. Alikuwa mtoto asiyesumbua, anarudi shule, anaosha vyombo, anaingia chumbani. Sketi yake ya shule ilikuwa imepanda hadi juu ya magoti, na majirani walinong'ona, "Mganga hajigangi, ona mtoto wa fundi cherehani." Futi hakuona wala hakusikia. Alichoona ni kwamba kila Jumamosi alfajiri alikuta magurudumu yamejazwa upepo na mnyororo umepakwa mafuta. Alidhani ni mkewe, akamshukuru kimoyomoyo, yakaishia hapo.

Siku nane kabla ya safari, kikundi kilikwenda mazoezi ya mwisho, kilomita tisini. Kwenye mlima wa kilomita ya sabini na tano goti la kulia la Futi lilitoa mlio, yeye mwenyewe akausikia. Alikanyaga mara tatu zaidi kwa ubishi, kisha akaanguka kando ya barabara, baiskeli juu yake. Walimrudisha kwa gari la mikate, miongoni mwa kreti tupu. Nesi alimfunga bendeji, goti limevimba kama andazi, na hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Hutaenda, Fundi. Wala mwezi ujao."

Jumatatu alasiri Futi alikaa kwenye kibanda chake cha kushonea, baiskeli imeegemea meza ya kukatia. Alilia. Hakujificha, mteja aliyekuja kuchukua gauni alirudi kinyumenyume. Mtoto alimwomba kitu kimoja tu, na goti lake limekishindwa. Palibaki njia moja, baiskeli iende na mtu mwingine, na katika kikundi hakuna aliyekuwa na mguu wa Ngongoti. Akaomba spana kwa jirani. Akaiweka kwenye nati.

"Baba, usikilegeze."

Ni binti, ametoka shule, begi bado mgongoni. Aliweka begi chini, akaishika baiskeli, akapanda. Akaegemea meza kwa mkono mmoja, akashusha mguu mpaka pedeli ilipofika chini kabisa. Mguu ulinyooka, kisigino kikaigusa. Nyonga hazikucheza hata kidogo.

Futi alitazama mguu ule, akaiondoa spana kwenye nati.

"Umejifunza lini?"

"Mwaka jana. Nikitoka shule, wewe uko huku. Jumatano naendesha na nesi. Mama anajua."

"Na upepo, na mafuta..."

"Ni mimi."

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

Binti alitazama usukani. "Ungeniambia nisiiguse. Na tangu kaka afe, Baba, hujawahi kunipima."

Hakuyasema kwa hasira.

Futi aliivua futi yake shingoni, akapiga goti moja, lile zima, akampima urefu wa mguu kwa ndani. Inchi thelathini na nne. Hakuhitaji kufungua daftari la vipimo, lakini alilifungua. Ukurasa wa Ngongoti: thelathini na nne. Ukurasa wa binti: thelathini, kwa wino uliofifia, wa wakati ana miaka kumi na mitatu.

Akiwa bado pale chini aliushika upindo wa sketi, akaugeuza. Palikuwa na mistari mitatu ya matundu ya sindano, mmoja juu ya mwingine. Sketi ilikuwa imeshushwa mara tatu, na sasa kitambaa kimekwisha. Haikuwa kazi ya cherehani. Ilikuwa mishono ya mkono, mikubwa, imepinda, ya mtu ambaye hajafundishwa.

"Nani alishusha hii?"

"Mimi."

Futi akaweka paji la uso wake kwenye sketi ile.

Jumapili ya safari wenzake waliondoka na giza. Mwoka mikate ndiye aliyetangulia safari hii. Futi hakwenda kuwaaga barabarani. Aliagana mlangoni na binti, aliyepanda baiskeli ya kaka yake, akarudi kibandani, akafungua cherehani siku ambayo hafungui. Alikata sketi mpya ya shule. Saa kumi na moja jioni mkewe alikuja na simu mkononi, machozi yanamtoka, akasema, "Imefika."

"Na yeye je?"

"Wamefika wote wawili."

Futi aliitikia kwa kichwa, akarudi kwenye sketi. Upindo wa kawaida ni vidole viwili. Yeye aliacha vinne.