Dalia za Wifi

Vita vya Burundi vilipomtoa Zaituni kwao Muyinga mwaka 1996, alifika kwa kaka yake mjini Gitega na kipande cha shina la dalia mwitu, ua linalopita kimo cha mlango. Lilipochanua, kaka yake, Yusufu, akawa analitazama kwanza kabla ya kumsalimu mkewe, Mwamini.

Mwamini akaiba kipande, akakisimamisha udongoni kama muhogo. Kikaoza.

“Wifi, si ungeomba tu,” Zaituni alicheka. “Shina lina uwazi ndani, mvua imejaa humo. Kata kipande chenye vifundo viwili, kilaze, ukifukie.”

Mwamini alifanya hivyo, karibu na dirisha lake. Maua yalipofunguka, Yusufu alisimama akatabasamu.

“Zaituni akipanda kitu, kinaota,” alisema, akaingia ndani.

Mwamini alikuwa bado ameshika kopo la kumwagilia.