Ndoo ya Mashudu

Kamati ya wakazi wa jengo letu, hapa Kolkata, imetangaza kwa maandishi kwamba maua ya msimu "husafisha hewa ya kila nyumba na kuinua moyo wa kila mkazi". Tangazo limebandikwa mlangoni, juu kidogo ya pale wakazi wanapotemea tambuu.

Maua yenyewe ni ya Nirupama Samaddar, mjane wa ghorofa ya tatu. Kila majira ya baridi hupanda chandramallika kwenye vyungu juu ya paa. Maisha yake yote alitaka ua moja tu lifikie upana wa sahani ya wali. Kila mwaka yaliishia upana wa kisosi.

Ua hilo halikui kwa maji matupu. Hulishwa mashudu ya haradali yaliyolowekwa kwenye ndoo mpaka yakaoza. Niliifunua ndoo ile siku moja, kwa ujinga. Juu palikuwa na povu la rangi ya usaha, na humo funza wakiogelea kwa raha zao. Uvundo wake si wa choo wala wa mzoga; ni kama viwili hivyo vimeoana. Ulishuka ngazi, ukaingia kwenye shuka zilizoanikwa, ukakaa nasi mezani juu ya samaki.

Katibu wa kamati, Pulak Bagchi, alipanda paani na leso puani.

"Mama mdogo, umezika nani huku?"

"Bado sijazika. Endelea kunizibia jua, nitaanza."

"Ndoo iondoke leo. Mke wangu ametapika."

"Hongera, mwanangu. Ni wa kwanza?"

"Mama mdogo! Sina utani."

"Matumba ndiyo kwanza yanachomoza. Nikiyanyima chakula sasa, yatadumaa. Au niyang'oe kabisa?"

"Nani kasema uyang'oe? Maua ni ya jengo zima, picha ya kamati itapigwa hapa. Ndoo ndiyo yako."

Tulimuunga mkono katibu, mimi wa kwanza. Jioni ile Nirupama aliishusha ndoo ngazi kwa ngazi, nasi tukampisha kwa kufunga milango. Aliiweka chumbani, kando ya kitanda. Kwenye nyumba ya chumba kimoja na jiko, angeiweka wapi tena? Kila asubuhi alichota kidogo, akazimua kwa maji, akapanda nayo. Binti yake alikuja kumwamkia, akafika kizingitini, akakumbuka ghafla kwamba ameacha gesi inawaka kwake.

Januari ua lilifunguka, jeupe. Nilichukua sahani ya wali jikoni kwangu, nikaishika nyuma yake: haikuonekana. Katibu akasimama mbele ya mpiga picha, akaeleza jinsi kamati ilivyohangaika. Wajumbe wakavuta pumzi kwa nguvu, wakasifu hewa. Nirupama aliombwa asimame pembeni kidogo, kwa sababu ya harufu ya sari yake.

Msimu ule wote alilala jikoni, sakafuni, mlango wa chumba ameuziba kwa blanketi.