Penye Joto pa Bwana Pyo

Katika nyumba ya akina Pyo, mgongo wenye ruhusa ya kuuma ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa wa Gil-su. Akishika kiuno kidogo, mama yake keshatuma mtu kumwita mganga wa tiba ya sindano, yule wa kudunga vijisindano vyembamba mgongoni. Mkewe Ok-bun aliumwa mgongo, nyonga na tumbo la chini mwaka baada ya mwaka, na kila hedhi ikikaribia alitambaa kwenda jikoni. Yeye aliambiwa anywe maji ya moto.

Nilikuwa jirani yao, ukuta kwa ukuta. Nilisikia yote, na damu ikinichemka.

"Ulitoka nje mapema ulipojifungua," mama mkwe alizoea kumwambia. "Baridi ikakuingia mifupani. Mimi nilikukanya, lakini nyie mnasikia?"

Ok-bun aliendelea kuosha vyombo. Lakini mimi nakumbuka: kitovu cha mtoto hakijakatika, bibi huyo huyo alimtoa uani kutia kabichi chumvi, eti kimchi, kabichi ya kuchachusha ya majira ya baridi, haimsubiri mzazi.

Kwetu moshi wa jiko hupitishwa chini ya sakafu ili kuipasha joto, na upande wa jikoni ndio wenye joto zaidi. Hapo hulala bwana wa nyumba. Gil-su alijinyoosha hapo kila siku, mgongo mzima umebandikwa plasta za dawa, akikoroma. Ok-bun alilala mlangoni, ambako sakafu ilikuwa barafu.

Siku moja nikamdanganya mama mkwe kwamba tunaenda mjini kununua pilipili, nikampeleka Ok-bun kwa daktari mwanamke.

"Unaumwa tangu lini?" daktari akauliza.

"Tangu nilipokuwa nambeba binti yangu Dal-rae mgongoni."

"Dal-rae yuko wapi sasa?"

"Ameolewa."

Daktari akaweka kalamu chini. Akampima, akamweleza kwamba nyama kama ile ya ndani ya mfuko wa uzazi ilikuwa imeota nje yake, na kila hedhi nayo huvuja damu na kuchoma. Misuli ya nyonga ilikuwa imejikaza kwa kuzoea maumivu. Alimpa vidonge vya kutuliza hedhi, akamfundisha mazoezi ya kunyoosha nyonga, akamkataza kufanya kazi amechuchumaa.

"Na mgongo upate joto. Nyumbani lala penye joto."

"Pana mwenyewe, daktari."

"Mgonjwa ni nani kwenu?"

Ok-bun akakunja karatasi ya dawa, akaitia kifuani.

Jioni ile Gil-su alimkuta mkewe amejinyoosha upande wa jikoni.

"Mama Dal-rae, umepotea njia?"

"Sijapotea. Daktari kasema nilale hapa."

"Na mimi?"

"Mlangoni. Nimekuachia blanketi langu, lenyewe limeshazoea baridi."

Asubuhi Gil-su aliamka amejikunja. "Mama, nakufa," alilia, na kabla wali haujaiva mganga alikuwa ameshafika na sindano zake. Kwa mgongo wa usiku mmoja! Nilipandwa na hasira, nikaenda kusimama mlangoni kwao bila kualikwa.

"Mlazeni penye joto," mganga akaagiza.

Mama mkwe akamsukuma Ok-bun begani. "Inuka, mgonjwa alale."

Ok-bun akageukia ukutani, akajivutia shuka.

"Mgonjwa ameshalala, mama."

Gil-su alichomwa sindano zake palepale mlangoni, mbele yangu, huku akitetemeka kwa baridi.