Amemlisha mama yangu kwa uma, tena anarekodiwa

Admin, nifiche jina na hata kituo ninachofanyia kazi, maana Kibondo ni ndogo na watu wana macho. Mimi ni dada wa miaka ishirini na tisa, muuguzi, Muha wa Kasulu kwa baba na mama. Nina mchumba anayefanya biashara ya viwanja Dodoma. Mahari ameshatoa na harusi imekaribia. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mtanisamehe nikiteleza.

Kwanza mjue jambo moja. Kwetu mama mkwe hali mbele ya mkwe wake. Si ugomvi wala si ushamba, ni heshima. Mkwe akija anakula sebuleni na wanaume wa ukoo, mama anakula zake jikoni, na wote wanashiba vizuri tu. Hata siku ya posa ilikuwa hivyo. Mchumba wangu si mtu wa kwetu, kwa hiyo alipoona mama haji mezani aliuliza, nikamkalisha chini nikamweleza mwanzo mpaka mwisho. Akasema ameelewa, tena akasifia kwamba ni mila nzuri. Kwa hiyo asije mtu hapa akaniambia kijana wa watu hakujua. Alijua.

Mwezi uliopita akatualika Dodoma mimi na mama, tukaone nyumba tutakayoishi. Mama ni mjane, analima maharage na mihogo Rungwe Mpya, huko huko Kasulu, na safari ndefu kama ile alikuwa hajawahi. Alifurahi mno. Alibeba maharage, unga wa muhogo na mawese kama mtu anayehama, mpaka kondakta akalalamika.

Jumapili mchumba akatupeleka kwenye mgahawa mmoja wa kifahari nje ya mji, katikati ya shamba la zabibu, ambapo wanatengeneza mvinyo wao wenyewe. Sikatai, pale ni pazuri. Ukuta mzima ni kioo, unaona mizabibu imepangwa mistari mpaka macho yanachoka, na mhudumu mwenye tai anakumiminia kidogo uonje kwanza kabla hajaijaza glasi. Mama aliitazama ile mizabibu kwa muda, akasema hawa watu wanajua kupalilia. Lakini chakula kilipokuja, akasema bado ameshiba chai ya asubuhi. Nikamnong'oneza mchumba kwamba mama akae meza ya kule barazani, mimi nitakwenda kula naye. Akanijibu kwa sauti, hata meza ya jirani wakasikia, "Hapa si Kasulu bwana, mwache mama naye ale bata."

Ili tusigombane mbele za watu, nikaenda msalani kunawa uso. Sikukaa hata kidogo. Narudi namkuta amesimama mbele ya mama, ameshika uma wenye kipande cha nyama, mhudumu anamrekodi kwa simu, na yeye anasema, "Mama fungua mdomo, leo mkweo anakulisha mwenyewe." Watu wa meza za jirani wanacheka na kupiga makofi. Mama amejifunika uso kwa mtandio, anausukuma ule uma kwa mkono, huku anasema asante mwanangu, inatosha mwanangu. Mwishowe akafungua mdomo. Alifungua kwa sababu aliogopa kumtia aibu mtu yule yule aliyekuwa anamtia aibu. Jamani, nilitamani kuipindua ile meza na glasi zake zote.

Siku hiyo hiyo akaiweka ile video mtandaoni na maneno "Mama mkwe akionja maisha", na vikatuni vya kucheka. Tunashuka kwenye basi Kasulu, watu wameshaiona. Sasa hivi mama hasali jumuiya, sokoni haendi, maharage anamtuma jirani amuuzie. Baba mdogo ambaye ndiye msimamizi wangu akasema mkwe aje aombe radhi kwa wazee, yaishe. Nilipomfikishia mchumba akacheka, akasema, "Niombe radhi kwa sababu nimemnunulia mtu chakula?" Huyo ndiye niliyemleta nyumbani kwetu mwenyewe, na kweli mchuma janga hula na wa kwao.

Mngedhani yameishia hapo. Wapi. Watu wa Buha, Waha wenzetu walioko kila mkoa, wameujaza ukurasa wake matusi, wateja wa viwanja wanamuuliza yeye ni mtu wa namna gani, na sasa amechanganyikiwa. Suluhisho lake ni kwamba mama arekodi video nyingine, akiwa anacheka, aseme alifurahi na hakuna aliyemkosea. Nikamwambia nikiwa hai hiyo video haitakuwepo. Akaona kwangu pagumu, akanizunguka, akampigia mama moja kwa moja, akamwambia kwamba asipofanya hivyo hataweza kusimama na mimi kanisani.

Mama amekubali. Juzi nilipokwenda kumkataza, nikamkuta ametoa vitenge vyake vyote kwenye sanduku amevitandaza kitandani. Nikamwambia mama hulazimiki. Akasema, "Mwana wanje, mimi nimeshaolewa nikamaliza. Wewe bado." Kisha akaniuliza kitenge kipi kinaonekana vizuri kwenye simu. Nikatoka nje.

Mchumba anakuja Kasulu Jumamosi na simu yake. Nikivunja uchumba, mama atajiona yeye ndiye aliyeniharibia ndoa, na ninavyomjua, hilo litamuua. Nikinyamaza, atakaa mbele ya yule mtu na kucheka kwa ajili yangu. Ninyi mlio wengi hapa, wenye mama zenu, niambieni leo kabla Jumamosi haijafika: nifanye nini?